Mtetea wa Shukrani

Mimi kitu cha kunishangaza hakipo. Shule niliishia darasa la pili, na leo nina malori matatu. Lakini Jumapili iliyopita, kwenye mnada wa sadaka nje ya kanisa, niliona mtetea mwekundu amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, nikamkumbuka mtetea wetu wa utotoni.

Wetu alikuwa hivyohivyo. Baba alipopona homa, mama alimpeleka mtetea huyo kanisani kushukuru, na hatukuwa na kuku mwingine. Mimi nilidhani Mungu mwenyewe angetokea mlango wa nyuma kumchukua. Badala yake, baada ya ibada, mzee wa kanisa alimwinua juu, uwanja mzima unanukia maua ya kahawa, akaita, "Nani ananunua?"

"Senti kumi!" nilipaza sauti, nikiinua sarafu yangu ya enzi za Mfalme wa Uingereza, yenye tundu katikati.

Watu walicheka, hakuna aliyeongeza. "Haya, tajiri, lete hela umchukue," mzee akasema.

Nilimpa hela, nikamkumbatia kuku wangu. Mama akainama.

"Hiyo senti si nilikupa asubuhi uweke kapuni?"

"Ndiyo, mama."

"Basi umenunua kuku wa Mungu kwa hela ya Mungu. Mrudishe."

Hakunichapa. Alirudi nyumbani mikono mitupu, akiimba, nami nyuma yake nalia. Nimeshakutana na matajiri wengi, lakini kama mama yangu bado.

Mtetea wa Jumapili nilimnunua kwa shilingi mia mbili, nikamrudisha auzwe tena. Kwa hesabu yangu, kuku wa mama amenigharimu shilingi mia mbili na senti kumi.