Muulizeni Dierkes

Anselm Dierkes alikuwa fundi mapipa wa mji wa Saint Louis, na mtaani kwake ubishi ukizidi watu walisema tu, "Muulizeni Dierkes." Mtu mnyoofu hasa! Pipa lake halikuvuja na neno lake halikupinda.

Vuli ile mabingwa wa ligi mbili za besiboli walikutana kutafuta bingwa wa mabingwa. Uwanja ulifurika mpaka watu wakasimama nyasini nyuma ya kamba, Dierkes akiwa mbele kabisa. Mwisho wa mechi ya mwisho wenyeji walikuwa wakiongoza kwa pointi moja, na wageni walikuwa na wakimbiaji wawili njiani, ambao wakifika wote wangewapa ushindi. Mgeni akaupiga mpira juu, ukaja upande wa kamba. Emmet Gaffney, kijana wa timu ya nyumbani, akaukimbilia, akajirusha, akainuka nao mkononi. Kama ameudaka hewani, ubingwa wa nyumbani. Kama uligusa nyasi kwanza, wageni wameshinda.

Uligusa nyasi. Dierkes aliuona, ulidunda karibu na viatu vyake.

Enzi hizo mwamuzi alikuwa mmoja tu, na asipoona aliruhusiwa kuuliza watazamaji. Akaja mbio, anahema. "Nani kaona vizuri?"

"Dierkes!" watu wakapiga kelele. "Muulize Dierkes, huyo hajui uongo!"

Nahodha wa wageni naye akasema, "Sifa zake nimezisikia. Aseme yeye, nitakubali."

"Kaudaka," akasema Dierkes.

Lo! Kofia zikaruka, akabebwa juujuu mpaka kwenye kilabu cha bia. Aligeuka mara moja tu, akamwona yule mpigaji wa wageni amekaa chini, kichwa magotini. Kilabuni bia hakuigusa.

"Wewe vipi?" mkewe Ottilie akamuuliza siku zilizofuata, soseji zikipoa mezani. "Timu yako imeshinda, unakaa kama umefiwa!"

 Dhambi ilimtafuna, jamani, hata nyundo ikawa haimkai mkononi. Mwishowe akamfuata Gaffney nyumbani kwake.

"Kijana, nimekuja kutubu. Mpira ule uligusa nyasi. Nilidanganya."

"Najua, mzee. Si nilikuwa nao mkononi?"

"Ulijua, ukanyamaza? Huna haya!"

Gaffney akainamisha kichwa. "Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ukweli. Ukanitangulia. Ningefanyaje, mzee wangu? Nikuite mwongo mbele ya mji mzima? Wewe, Dierkes?"

Mzee akavaa kofia, akaondoka. Alikuja kutua mzigo wake, kumbe na wa kijana ni yeye aliyemtwika.

Karibu na karakana yake majirani wawili walikuwa wakigombana kuhusu mpaka wa ua. Mmoja akamwona, uso ukamng'aa. "Afadhali! Huyo anakuja, tumuulize Dierkes."

Dierkes akavuka barabara, akapitia upande wa pili.