Arobaini ya Mjomba Anselmi

Juzi nilikwenda kumwona mtoto wa jirani aliyebanwa na kifua, na kabla sijavuka kizingiti nikapokewa na harufu ya mafuta ya kondoo yanayoyeyuka jikoni. Nikasimama pale pale na hotpoti yangu ya mtori mkononi. Mwenye nyumba akadhani naona kinyaa. Kinyaa cha wapi! Harufu ile kwangu si ya mtoto mgonjwa, ni ya gari. Najua mtashangaa, lakini kaeni niwaeleze, maana hata mimi sijamaliza kushangaa.

Nyumbani kwetu Kilema tulikuwa na pikapu kuukuu ya kijani ambayo Baba aliitumia kushushia ndizi sokoni Moshi. Kwanza ilikuwa ya Mjomba Anselmi, mdogo wake Mama, aliyeinunua kwa mtu wa mashamba ya huko chini ikiwa imeshachoka. Mjomba hakuifaidi. Siku moja akiteremka na mzigo, kona moja ilimshinda, akauvaa mti wa mgrevilea. Walimfikisha hospitalini Mawenzi akiwa bado anaongea. Waliosikia gari likipita walisema alikuwa anakimbia kama mwehu, na wengine wakaongeza ya kwao, kwamba alitoka kunywa mbege. Yeye alishikilia neno moja tu: "Dada, nilikuwa arobaini. Niliutazama mshale." Mama akamjibu, "Hata hapo kitandani, Anselmi, bado unadanganya?" Alfajiri yake Mjomba akafariki.

Hayo nilisimuliwa, mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Nilichokikuta ni msemo. Kwetu uongo uliitwa arobaini ya Anselmi. Ukisema umeshakata majani ya ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe analia njaa bandani, unaambiwa, "Hiyo ni arobaini ya Anselmi." Mwuza maziwa akiapa kwamba hajatia maji, watu wanamwambia hivyo hivyo huku wakicheka. Sisi watoto ndio tuliokuwa mabingwa wa kuusema. Mama peke yake hakucheka, lakini pia hakutukataza.

Baba alinyoosha bati, akabadilisha taa na kioo, pikapu ikarudi barabarani. Mama alikubali kuipanda kwa sharti moja, kwamba isizidi arobaini. Basi alikaa mbele, mimi nimebanwa katikati yao, macho yake hayabanduki kwenye mshale wa spidi. Tukiteremka, mshale ukigusa arobaini na migomba inatupita dirishani fyu, fyu, alikuwa akinong'ona, "Hii ndiyo arobaini kweli?" Baba anamjibu, "Si unaona mwenyewe?" Mimi nilidhani ni utani wa wakubwa. Tukiikaribia ile kona Baba alikanyaga breki mapema, tukaipita tukitambaa.

Nilipokuwa darasa la nne dashibodi ikaanza kulia. Kwi, kwi, kwi, kutoka kwetu hadi mjini. Sasa Bibi, mama yake Baba, alikuwa na imani na vitu viwili duniani, rozari na mafuta ya kondoo. Kifua cha mtoto, goti la mzee, bawaba ya mlango, vyote alivipaka. Akasema, "Kinacholainisha goti langu kitashindwaje na waya?" Na Baba, mtu mzima na akili zake timamu, akauchomoa waya wa spidi nyuma ya dashibodi, akamimina kijiko cha mafuta ya moto ndani ya mpira wake. Kelele zikakoma. Bibi alitembea kifua mbele kama yeye ndiye aliyeliunda hilo gari.

Kule juu kwenye baridi mafuta yaliganda, yakatulia. Balaa lilitungoja kwenye joto la mjini, ambako yaliyeyuka, yakapanda na waya mpaka ndani ya saa yenyewe ya spidi. Tunaingia Moshi polepole, hata mwendesha baiskeli ametupita akituaga, mara mshale ukaruka mpaka mia na ishirini ukang'ang'ania huko.

"Yesu na Maria! Baba Eliya, unatuua!" Mama alipiga ukelele, kuku waliokuwa miguuni mwetu wakaruka hadi usoni kwangu.

"Mama Eliya, baiskeli imetupita!"

"Mshale unasema nini? Nishushe!"

Akashuka kweli, akatembea kwa miguu pembeni mwa barabara, Baba anamfuata nyuma na pikapu akimbembeleza kupitia dirishani. Niliona aibu, nikajifunika khanga. Mama alisema hapandi tena gari hilo mpaka ashuhudie kwa macho yake likitengenezwa.

Ndivyo tulivyofika sote watatu kwa Fundi Rama, mtu mwembamba mwenye gereji Majengo. Aliuchomoa waya, akaunusa, akamtazama Baba. "Mangi," alisema, kama mjini wanavyotuita sisi wa mlimani, "humu mmepika supu?" Baba akajikuna kisogo. Fundi aliuosha waya kwa petroli, akaifungua saa na kuipangusa, akapaka grisi kidogo sana kwa ncha ya kidole. Akauzungusha waya kwa mkono, mshale ukapanda na kushuka kwa adabu. Mama akashusha pumzi. Laiti tungeondoka pale!

Lakini fundi alisema, "Mshale kutulia siyo kusema kweli. Tukaupime." Tukaenda barabara ya Kahe, ambako ni tambarare. Yeye akatangulia na gari lake dogo ambalo alikuwa na hakika na spidi yake. "Nitakaa sitini. Nifuateni, msinisogelee na msiachwe."

Tukamfuata. Nakumbuka vumbi lake, nakumbuka Baba ameng'ata mdomo, na kidole cha Mama kikiwa kwenye kioo cha saa kama anayefuatisha maandishi. Hatukumkaribia wala hatukuachwa. Mshale wetu ulisimama kwenye arobaini.

Fundi akaegesha, akaja dirishani. "Mlisoma ngapi?"

"Arobaini," Baba akajibu.

"Mimi nilikuwa sitini."

Tuliporudi gereji fundi aliingia chini ya gari, akafungua pale waya unapoungana na gia boksi, akatoka na kigia kidogo cheusi kiganjani. "Hiki siyo chake. Aliyefunga gia boksi hii alichanganya vipande vya gari lingine. Meno yamezidi, waya unazunguka polepole, mshale unasoma pungufu."

"Tangu lini?" Mama aliuliza kwa sauti ambayo sikuijua. "Tangu hayo mafuta?"

"Mafuta ni ya juzi, mama. Hiki kina kutu ya zamani. Mlilinunua hivi hivi."

"Kwa hiyo mtu akitazama mshale akaona arobaini..."

"Yuko sitini na hana habari. Na kona haisomi mshale."

Jamani. Mama alikaa chini, palepale kwenye mchanga uliolowa oili, na kitenge chake cha kanisani. Hakulia. Mdomo wake ulibaki wazi, na mimi nikaingiwa na hofu ambayo hata mia na ishirini haikunitia. Baba alivua kofia yake. Fundi wa watu akabaki anatutazama na kigia chake, hajui amesema nini.

Kilipopatikana kigia chenyewe tulianza kurudi nyumbani kwa arobaini ya kweli. Mama yangu, ulikuwa mwendo wa kobe! Ningeweza kuisalimia migomba mmoja mmoja. Kwenye ile kona Baba hakuhitaji hata breki.

Mama hakutaka kwenda kwetu. Alitaka apelekwe kwao, kwenye kihamba, shamba la ukoo, alikozikwa Mjomba. Alipofika alichuma isale, lile jani refu la mmea wa mipakani, akalifunga fundo. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea isale, naye akishaletewa hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Nilikuwa nimeona wazee wakipelekeana baada ya ugomvi wa mipaka. Sikuwa nimeona likipelekwa kaburini.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mama aliutazama ule mshale kwa kuogopa mbio. Leo nami nina wadogo zangu, na ndipo nimeelewa kwamba alikuwa akimtafutia Anselmi utetezi. Kila safari alitaka kuionja hiyo arobaini, aone kama kweli inaweza kumtupa mtu, apate pa kumwaminia mdogo wake. Na kila safari Baba, kwa kutupenda, alikanyaga breki kabla ya kona. Mshale uliomdanganya Mjomba ulikuwa ukimdanganya na yeye, naye kaukodolea macho.

Siku ile sikujua hayo. Nilimwona tu akipiga magoti, akiliweka lile jani juu ya kaburi, akiinama kama mtu anayemwamsha mtoto aliyelala.

"Anselmi," alisema, "ulikuwa arobaini."