Mstari wa Kushoto

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kifua na kuuweka moyo ndani yake, akanipa na umri wa kuyasimulia haya.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, duka letu la Singida mjini limejaa mitumba. Mke wangu alikuwa ametolewa uvimbe wa saratani kwenye titi la kushoto. Hospitali ya jijini wakamchora kifuani mistari ya wino ili mionzi ipite hapo tu, wakasema turudi baada ya siku kumi. "Alama hizi zisifutike," walituonya.

Tulifika nyumbani kwa basi, vumbi mpaka kwenye kope. Ijumaa akaniuliza kama anaweza kuoga nusu mwili. Mimi, mwalimu wa madrasa, nikamjibu kwamba josho la ibada halina nusu. Ruhusa ya mgonjwa kutayamamu badala ya kuoga niliisomesha kila mwaka. Siku ile sikuikumbuka. Alipotoka bafuni, mstari wa kushoto haupo.

Nikachukua kalamu niliyoandikia kombe, aya za kuoshwa kwa maji wanywe wagonjwa, nikauchora upya kwa kukumbuka.

"Mwalimu," akanitania, "na hili nitalioshea maji ninywe?"

Sikucheka. Tulikubaliana tusiseme, tukiogopa kurudishwa mwisho wa foleni. Njia nzima ya kurudi hospitali nilimwomba Mungu mkono wangu uwe umepatia.

Binti aliyeendesha mashine ya mionzi alinipokea vizuri. "Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Akamwingiza mke wangu, akaanza kuuvuta mlango mzito. Nikajikuta nimesimama.

"Binti, subiri! Mstari wa kushoto nimeuchora mimi."

"Wewe, babu?"

"Mimi. Wa kwenu ulifutika."

Akachukua faili na rula, akaingia. Nilibaki pale, nyuradi zikinipotea mdomoni. Alipotoka alinionyesha vidole viwili vilivyobanana.

"Umekosea hivi. Upande wa moyo."

Walimchora upya mchana ule, mionzi ikaanza kesho yake. Mke wangu alinikuta kwenye benchi. "Mwalimu kapata sifuri," akasema, akanishika mkono.

Alimaliza wiki zote, na Mungu akatupa miaka. Siku hizi nasikia ng'ambo kuna mionzi ya protoni, inayofika kwenye uvimbe na kusimama hapo, moyo ulio nyuma usiguswe. Nilipoambiwa, nilisujudu.

Ewe usomaye, Mungu akuhifadhie wa nyumbani kwako, na ukikosea juu yao, akupe ulimi wa kusema mlango ungali wazi. Amina.