Maua ya Kahawa na Jino Langu la Juu

Ngoja nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana hapa Igamba nikipita siku hizi hata watoto wananiuliza, "Bibi, jino linaendeleaje?", na aibu yote hii nilijiletea mimi na mdomo wangu.

Kahawa ilikuwa imetoa maua, shamba lote jeupe, na mimi kila maua yakija pua inaziba, macho yanawasha, nalala kinywa wazi kama chura (mjukuu wangu akaniambia, "Bibi, asubuhi mdomo unanuka kama gunia la dagaa," nikamfukuza na mwiko). Sasa siku moja nakula maharage ya mkamwana wangu, mama Neema, jino la juu likaniuma, nikainama kuchukua kikombe, likauma zaidi, nikasema basi, huyu kaniwekea jiwe.

Ningenyamaza yangeisha, lakini mimi nikaita kikao cha ukoo. Mama Neema ana sauti ya kifaranga aliyelowa: "Mama, maharage nilichambua mara mbili." Nikamwigiza hapohapo mbele ya mashemeji zake, wakacheka, akatozwa jogoo, na ndiye huyohuyo mmoja aliyekuwa naye. Nikamla, nyama na mifupa.

Jino halikuacha. Nikasema twende Vwawa kwa daktari wa meno, na wewe mama Neema uje usikie ulivyonivunja, na shemeji yangu aliyeendesha kikao nikamburuta awe shahidi. Pale kwenye benchi nikawasimulia wagonjwa wote habari ya jiwe, hata nilipoitwa ndani nikasema mlango usifungwe, wasikie.

Daktari kijana, anaongea taratibu kama anamwaga asali. "Bibi, inama. Linauma?"

"Linauma."

Akayagonga meno na kichuma chake, moja moja, akaniuliza habari za pua na usingizi, nikamweleza maua ya kahawa na kinywa wazi. "Hakuna lililovunjika, bibi. Hayo maua yanakuziba pua mpaka ndani ya mashavu, panajaa, panakandamiza mizizi ya meno ya juu, ndiyo maana ukiinama linazidi. Ila huko kulala kinywa wazi mate yanakauka, kinywa kinanuka, na ukiendelea hivyo meno yataoza kweli. Nitakupa dawa ya pua, unywe maji, upige mswaki kabla ya kulala."

Shemeji yangu akakohoa, lile sauti lake la pipa tupu. "Na jiwe je, daktari?"

"Jiwe gani, mzee?"

Benchi lote likanyoosha shingo mlangoni. Ndipo mama Neema, kwa sauti yake ileile ya kifaranga, akauliza, "Kwani mama, yule jogoo ulimtafuna na jino lipi?"

Jamani. Hata mama mmoja aliyevimba shavu alicheka huku amelishika.

Jogoo nimerudisha, na tetea juu yake, nikampelekea mwenyewe mbele ya kikao kilekile, safari hii wakinicheka mimi. Na maharage siku hizi nachambua mimi. Kahawa ikitoa maua na jino likianza, kabla sijamlaumu mtoto wa watu, nainama kwanza.