Firigisi ya Baba

Sisi tuliozaliwa Bungoma miaka ile, tarehe zetu zilikuwa ndani ya majina. Nekesa alizaliwa wakati wa mavuno, Nanjala wakati wa njaa, nami Nafula nilikuja na mvua. Mvua ipi, hakuna ajuaye, na kwetu Mabanga mvua haina haya. Siku ya kuandikishwa shule mwalimu alitutazama meno, akatugawia tarehe kama anayegawa madaftari. Nusu ya darasa tulizaliwa Januari mosi.

Sikuona shida mpaka darasa la tatu. Manjit, ambaye babake Msikh alikuwa na duka la vitambaa mjini, alileta keki shuleni, ya rangi ya waridi, jina lake limeandikwa juu. Alitukatia vipande vyembamba na mimi nikaramba hata karatasi. Nilirudi nyumbani na hasira, nikakataa ugali na mrenda. "Mimi pia nataka siku yangu!" Mama alicheka mpaka akashika kiuno. "Ati siku yako? Si kila siku unaamka, unakula, unasumbua watu?" Baba hakucheka.

Jumapili iliyofuata alichinjwa jogoo. Kwetu Wabukusu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mama aliiweka kwenye sahani ya baba, na sisi watoto hatukuthubutu hata kuikodolea macho. Baba akaichukua kwa vidole, akaiweka kwenye sahani yangu. "Kula, Nafula. Leo ndiyo siku yako." Kaka zangu wakaacha kutafuna. Nyanya yetu, tuliyemwita Kukhu, akasimama. "Msichana ale firigisi? Nani ataoa huyu?" Baba akaendelea kumega ugali wake. Nilikula haraka, ikiniunguza ulimi, nikihofia asije akabadilisha nia. Na niliolewa, tena na mtu wa Kitale mwenye ng'ombe wa maziwa.

Januari mosi iliyopita, kwa hesabu ya yule mwalimu, nilitimiza miaka sitini. Watoto wangu wakanipeleka hoteli moja ya kifahari huko juu ya Endebess. Asubuhi tulitembezwa mapangoni wanakoingia ndovu kulamba chumvi, na kwa mara ya kwanza nikautazama Mlima Elgon bila jembe mkononi. Jioni zikaja sahani pana kama ungo, kipande kidogo cha samaki katikati, mchuzi umechorwa mstari. Nilipoinua uma, mjukuu wangu akanizuia. "Kukhu, ngoja bana, napiga picha kwanza." Enzi zetu ungengoja picha, ungekuta mifupa! Lakini sitadanganya, yule samaki alikuwa mtamu.

Kisha wahudumu wakaleta keki wakiimba jina langu, nikalia. Wanangu walidhani ni furaha, wakazidi kupiga makofi. Nilikuwa namlilia baba. Siku hizi mtoto wa mwaka mmoja, asiyejua hata kuzima mshumaa, anakodishiwa hema na viti. Baba alinipa siku, na yeye hakuwa na yake. Tulikuwa watoto saba, tukasoma, tukapata kazi na simu za maana, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza, "Baba, na yako ni lini?"

Msalaba wake kule Mabanga una tarehe moja tu, ya kufariki. Fundi alipotuuliza ile ya kuzaliwa, tulibaki kutazamana.