Kikombe cha Pili cha Shangazi

Kila asubuhi, kabla hajaifunua cherehani yake, Shangazi, fundi wa nguo, alimimina chai vikombe viwili. Kimoja chake. Cha pili alikiweka ukingoni mwa meza, upande wa mlangoni, akakifunika kwa kisahani kisipoe upesi. Vijana wake wa kanisani walipita pale wakienda shule.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, wanangu."

Basi, wameshapita, mabegi yanawadunda mgongoni, vicheko vinakata kona. Ikifika saa mbili na nusu aliondoa kisahani, akakinywa kile cha pili kikiwa kimepoa kabisa, ndipo akaanza kazi.

Hakuwa shangazi wa damu wa yeyote kati yao. Alikuwa mlezi wa vijana kanisani kwa miaka tisa, na jina lile alipewa na wale wa mwanzo, ambao sasa wana watoto wao. Wakikutana naye njiani husema, "Tupo, Shangazi," huku miguu inaendelea. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na duka, chumba nyuma ya duka, na darasa lile la Jumapili.

Dukani alikuwa na desturi moja. Anayejifunza ushonaji alipewa kufumua, kupiga pasi, kushona vifungo. Mkasi hakupewa. "Mshono mbaya nitaufumua," alisema. "Kitambaa kikishakatwa vibaya nitakiunga kwa mate?" Kwa hiyo wanafunzi wake waliondoka wakijua vifungo tu.

Darasani ilikuwa vilevile. Vijana walipanga viti na kufuta ubao. Kusoma, kueleza na kuomba alifanya yeye, asije mtu akakosea. Walikuwa ishirini na kitu. Mwaka ule walibaki saba.

Mchungaji akamwita ofisini.

"Dada yangu, usinielewe vibaya. Kuna mwalimu kijana, anapiga gitaa. Wazee wanaona darasa tumpe yeye."

Shangazi alitazama vidole vyake, vile vilivyojaa alama za sindano. "Nipe safari hii ya injili kwanza. Nikirudi nao vilevile, mpe."

"Vilevile vipi?"

"Wakiwa bado hawaniambii kitu."

Wakaenda siku nne, kwenye kanisa dogo ng'ambo ya vilima. Asubuhi kupaka rangi kuta, alasiri kutembelea wagonjwa, wawili wawili. Shangazi aliandika zamu zote kwenye karatasi, akaibandika mlangoni kwa pini zake za nguo. Yeye alijipanga na yule waliyemwita Kimya, binti wa miaka kumi na sita, ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kumwambia zaidi ya shikamoo na ndiyo.

"Shangazi," alisema Redio, yule kijana asiyezimika, "Kimya akisema neno tuletee, tulitundike ukutani."

Kimya akamchapa brashi yenye rangi begani, akaendelea kupaka.

Nyumba ya tatu walimkuta bibi amelala, mgongo umemkatalia. Shangazi aliomba ombi refu, kuku wakaingia na kutoka, ombi bado linaendelea. Alipomaliza, bibi akafungua jicho moja.

"Amina, mwanangu. Wewe jana nilikusikia kwa jirani, leo tena nimekusikia. Huyu mjukuu wangu uliyekuja naye hana mdomo?"

"Huyu bado anajifunza, mama."

"Anajifunza saa ngapi, ikiwa unaomba wewe?"

Kimya alipiga magoti pembeni ya kitanda.

"Mungu, mimi sijui kuanza," alisema. "Bibi huyu anaumwa mgongo na hana wa kumgeuza. Mama yangu alilala hivihivi, mimi ndiye niliyekuwa namgeuza. Tangu afariki hakuna aliyeniuliza kitu. Amina."

Halafu akamgeuza bibi taratibu, akimshika chini ya bega kama mtu aliyeizoea kazi ile.

Shangazi alisimama na Biblia yake kifuani. Gauni ambalo binti huyu alilivaa siku ya kumzika mama yake alilishona yeye. Alimpima mabega, akampima kiuno, akampima urefu, akaandika namba. Hakumuuliza neno.

Jioni walikuwa wakiosha vyombo nje, wawili tu.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekuambia saa ngapi? Darasani ukiuliza swali unalijibu mwenyewe." Hakuwa na ubaya, alikuwa anasugua sufuria tu.

"Na dukani? Chai yenu huwa ipo pale kila siku."

Kimya akaacha kusugua. "Chai yetu? Kile kikombe kilichofunikwa? Sisi tunajua una mgeni. Redio anasema ni mchumba, ila anachelewa."

Shangazi akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye masizi. Miaka tisa alikuwa ameweka kikombe mezani, na hata siku moja hakutamka "karibuni". Aliogopa kukataliwa, akaona kikombe kitajisemea chenyewe.

Kesho yake aliibandua ile karatasi ya zamu. Vijana wakajipanga wenyewe, wakapaka mlango mmoja rangi ya dirisha, na ibada ya asubuhi ikaanza kwa kuchelewa. Lakini waliomba wao. Siku ya mwisho Redio alisema kwamba nyumbani baba yake haongei na mtu, ndiyo sababu yeye akitoka nje hawezi kunyamaza. Hakuna aliyemcheka.

Waliporudi, mchungaji alikuja hadi dukani. "Nimewasikia wakiongea nawe waliposhuka garini. Darasa ni lako, mama. Gitaa litasubiri."

Jumanne Kimya aliambiwa karibu, akanywa chai amesimama mlangoni, begi mgongoni. Jumatano alipunga mkono akapita, alikuwa amechelewa.

Jumapili Shangazi aliketi kiti cha nyuma. Kimya aliuliza swali mbele ya darasa, akangoja. Shangazi alikuwa na jibu tayari, akalibana kama anavyobana pini midomoni wakati wa kupima nguo. Redio akajibu. Mwingine akampinga. Hakuna aliyegeuka kumtazama yeye.

Aliweka ufunguo wa darasa na boksi la chaki juu ya kiti, akatoka. Mlangoni alikutana na mchungaji.

"Darasa usinipe mimi, wala usimpe wa gitaa," alimwambia. "Waachie wenyewe. Weka tu mtu hapa nje wa kuwasikiliza wakitoka."

"Si ukae wewe?"

"Mimi nikiwa karibu nitajibu."

Alipita chini ya dirisha polepole, kama mtu anayengoja kuitwa. Ndani walikuwa bado wanabishana. Akafika getini, akatoka, akalirudishia taratibu lisipige kelele, na darasani mle hakuingia tena.