Uso Kwenye Mto wa Kochi

Wiki iliyopita, katika duka moja la Bwera, niliona mito ya makochi yenye sura za majenerali wa kale, nikaukumbuka wa nyumbani kwetu Kyondo. Ulikuwa na mwanajeshi mwenye masharubu na nishani, na ulinuka kahawa, maana magunia yetu yalikaa humo humo sebuleni. Mama hakuruhusu mtu auegemee.

Baba alikuwa askari. Aliondoka nikiwa bado nabebwa mgongoni, hakurudi, na picha yake hatukuwa nayo. Kwa hiyo mimi nilijua yule wa kwenye mto ni yeye. Kila nikitoka shule nilipiga magoti mbele ya kochi, nikamsalimia, nikasubiri kidogo.

Alasiri moja, mvua ikigonga mabati, alikuja rafiki wa mama, mkimbizi kutoka Beni, Kongo, aliyeuza vitenge. Alipouona ule mto alishusha kikombe.

“Mama, geuza ule uso. Basoda balichoma nyumba yetu,” alisema, akimaanisha wanajeshi.

Mama akanyoosha mkono. Nikapiga kelele: “Usimgeuze baba!”

Kisha mgeni akainuka, akauweka mto vizuri mahali pake, akahamia kiti kilichogeuzia kochi mgongo. Alimaliza chai yake akiangalia mlangoni.

Leo najua yule alikuwa jenerali wa Ulaya, aliyekufa kabla nyanya yangu hajazaliwa. Lakini mwenye duka aliponiuliza nataka mto upi, tayari nilikuwa nimepiga magoti.